Sufuria Niliyoiacha Itupwe

Mliniomba kurasa chache kabla sijarudisha ufunguo wa ofisi. Ufunguo nilirudisha, kurasa zimechelewa, na hizi si zile mlizotaka. Harriet, wakili wetu, alitaka niandike jinsi ya kumpokea mteja mpya. Hayo yako kwenye droo ya pili, yamepigwa chapa, mtayaona. Haya ninayoandika sasa hayana fomu yake. Someni mkiwa mmeketi, na tafadhali msinipigie simu baadaye kunifariji, maana sitapokea.

Nilianza hapo Seven Hills nikiwa mama wa watoto wawili, nimehamia nchi hii kutoka Nakuru, ambako nilikuwa karani wa mahakama. Nilidhani naijua kazi. Siku ya kwanza nilivaa suti ya bluu na viatu vya kisigino, nikakuta ofisi yenyewe iko juu ya duka la matairi, ngazi zinanuka mpira, na wakili, mzee Kostas, amepiga magoti chini ya meza anapima mguu wa kiti kwa utepe wa fundi cherehani. Hakuniangalia. Aliniambia nishike ncha ya pili. Kiti kile kilikuwa kimevunjika mkahawani, mama wa watu akaanguka akaumia uti wa mgongo. Tulikipima mpaka saa sita mchana. Hakuna aliyeniuliza vyeti vyangu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka zaidi ya ishirini: watu walioumia, na vitu vilivyowaumiza. Kostas alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki. Baba yake alipoteza vidole kiwandani enzi ambazo hakuna aliyeandika chochote, na mashine yenyewe ilikuwa imeshauzwa kabla bandeji haijatolewa. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, na akaniambukiza. Mtu anayeumia atasahau, alisema, ataongeza, atapunguza, atahama, lakini kitu kilichomuumiza kitabaki kilivyo, mradi umekipata mapema. Kichukue siku ileile. Kichukue kwa mkono wako. Usimtume mume wa mteja, usimtume dereva, usimtume mtu yeyote ambaye huwezi kumsimamisha mbele ya hakimu akaapa.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Mifuko mikubwa ya plastiki inayoonyesha ndani, lebo za kamba kama za mizigo ya kituo cha basi, kalamu isiyofutika, utepe, kamera. Na lile kabati la nyuma ambalo nyinyi mmelijaza karatasi za printa. Wakati wangu lilikuwa na ngazi iliyokatika, kiatu cha mtoto kilicholiwa na ngazi ya umeme, birika lililoyeyuka, mnyororo wa mbwa. Fundi wa simu alipofungua mlango kimakosa aliniuliza tunauza mitumba bei gani.

Jambo moja ambalo wageni hawaamini: jimbo hili linawakataza mawakili kujitangaza kwa kazi za majeruhi. Huwezi kubandika bango barabarani ukaandika umeumia, njoo. Basi bango la ofisi lilikuwa mimi. Mkenya yeyote, Mkongo, Mrundi, Mtanzania aliyeteleza, aliyegongwa, aliyeungua, alinipata kwa kuambiwa kanisani kwamba kuna Mama Wanja pale juu ya duka la matairi, anaongea Kiswahili. Wengine walikuja kuniuliza habari za viza. Mmoja alitaka nimtafutie mke.

Nilikuwa bado mgeni kazini jimbo lilipobadilisha sheria za fidia. Makampuni ya bima yalilia, wanasiasa wakasema watu wanashtaki ovyo, ikapitishwa sheria yenye vizingiti. Maumivu yako yanawekwa kwenye mizani, na yasipofika pale sheria ilipoandika, kwa maumivu hayo hupati kitu. Tena kwa madai madogo wakawawekea mawakili mpaka wa ada wanayoweza kudai, na ofisi zinazoishi kwa kulipwa zikishinda tu zikaanza kuyakimbia. Kostas aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaikunja, akaniambia kuanzia leo tutakuwa tunawaambia watu kwamba wameumia, lakini hawajaumia vya kutosha. Sentensi hiyo nimeisema kwa Kiswahili mara nyingi kuliko nilivyoita jina la mume wangu. Hakuna namna ya kuisema vizuri. Nilijaribu zote.

Halafu wakaja Wakongo, familia moja moja, kisha kwa makumi, watu wa Bukavu na Uvira, wengi wamepitia kambini miaka na mikaka. Wanaume wakaingia maghala ya Wetherill Park, wanawake wakaingia kulea wazee. Watu wa heshima mpaka inakuudhi. Ukimwambia jambo, anajibu ndiyo mama. Ukimwambia kinyume chake, ndiyo mama. Mimi nimelelewa na nyanya mkali, naijua ndiyo ya heshima, lakini hawa walinizidi.

Nilijifunza kwa mtu mmoja aliyeanguka kutoka kwenye ngazi aliyonunua dukani. Ngazi ilikatika ikiwa mpya kabisa. Nilimpigia simu ndugu yake, nikamwambia aitunze, naja. Ndiyo mama. Nilikwenda siku ya tatu, nikakuta wameshaikata vipande, wanataka kuichoma uani. Nilifoka. Mzee wao akanisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akanieleza taratibu kwamba kwao kitu kilichomwaga damu ya mtu hakilali nyumba moja na mtu huyo. Kinatolewa, kinavunjwa, kinaombewa, ndipo mgonjwa anaanza kupona. Kukiacha ndani ni kumwambia mgonjwa kwamba hamumtakii mema. Kostas alipata nusu ya ngazi ikamtosha, bahati yake. Mimi nilipata somo. Tangu siku ile sikumwambia tena Mkongo kwa simu atunze kitu. Nilichukua mfuko na lebo nikaenda, hata kama ni Jumapili, hata kama mume wangu ananuna.

Kwa hiyo msije mkasema sikujua. Nilijua miaka mingi kabla.

Kostas alifariki mwaka mmoja kabla ya korona, tukabaki na Harriet, ambaye nyinyi mnamjua, wakili mzuri, anayetembea haraka na kula amesimama. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa ulipita tukidhani tumeponyoka. Mwaka wa pili, majira ya baridi, wakatufungia, na upande wetu wa magharibi wakatufungia zaidi. Mnakumbuka. Helikopta juu, polisi kwenye maduka, askari wa jeshi wakigonga milango kuangalia kama mtu yuko ndani. Kilomita tano kutoka nyumbani, basi. Walio ufukweni kule walikuwa wanatembeza mbwa mchangani, sisi tunaulizwa barua ya mwajiri. Kazi ya ofisi ilihesabiwa kuwa inaweza kufanyiwa nyumbani, kwa hiyo ofisi yangu ikawa meza ya jikoni, na kompyuta juu ya kitabu cha mapishi.

Baba Chantal alinipigia asubuhi moja ya siku zile. Nilimjua kwa mbali, mwimba besi wa kanisa lao, anafanya kazi ghalani Wetherill Park na anaishi karibu na hapo, nje ya kilomita zangu tano. Mkewe, Mama Chantal, alikuwa analea wazee kwenye nyumba moja ya wazee huku kwetu Seven Hills. Binti yao Chantal alikuwa chuo, anakaa Kensington, upande wa pili wa jiji, kwenye nyumba ya kupanga na wanafunzi wenzake, na kwa kilomita zile tano alikuwa kama yuko Ulaya. Baba Chantal alinisalimia kwa urefu, akauliza watoto, akauliza mume, akauliza mgongo wangu. Nami nikamuuliza habari zake, akasema nzuri. Ndipo akasema mke wake ameungua.

Alikuwa anapika maharagwe kwenye sufuria ya presha. Sufuria ilikuwa na wiki chache tu, waliinunua kwenye duka la vyombo vya bei rahisi, haina jina la kiwanda, ina kibandiko tu cha picha ya mpishi anayecheka. Mfuniko uliruka wenyewe, sufuria ikiwa imefungwa sawasawa. Uji ule wa maharagwe ulimwagikia mkono wa kulia wote, kifua na shingo. Alikuwa hospitali, walikuwa wanampandikiza ngozi, na kwa ajili ya korona hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Yule baba alikuwa anaongea na mkewe kwa simu anayoshikiwa na nesi.

Sasa nielezeni kwa nini kesi ile ilikuwa ngumu, nyinyi mliosoma. Haya, nitaeleza mwenyewe. Angeungua kazini, bima ya wafanyakazi ingemlipa bila kuuliza kosa ni la nani. Angegongwa barabarani, bima ya magari ingeanza kumlipa hata kabla ya kesi. Aliungua jikoni kwake, akipikia familia yake, na jikoni hakuna bima inayokusubiri. Kulikuwa na mlango mmoja tu, sheria ya kumlinda mnunuzi: anayeleta sokoni kitu kisicho salama anawajibika kwa aliyeumia. Na ili uingie mlango huo lazima uonyeshe kwamba kitu chenyewe kilikuwa na kasoro. Mama Chantal alihitaji kesi hiyo. Mkono usingerudi ulivyokuwa, daktari alishasema. Bila mkono wa kulia huwezi kumgeuza mzee kitandani, huwezi kumwogesha, huwezi hata kuvaa glavu. Fidia ndiyo ingekuwa maisha yake baada ya mkono.

Nilimuuliza Baba Chantal sufuria iko wapi. Akasema ipo hapahapa. Nikamwambia asiioshe, asiiguse, aifunge kwenye mfuko aiweke mahali. Ndiyo mama. Nilimwambia anipigie picha. Akanituma tatu, mbili zina ukungu, ya tatu kidole chake kimefunika ile vali ya kutolea mvuke, yaani penyewe hasa. Nikamwambia apige tena, akasema ndiyo mama, hakupiga, nami nikaacha. Nilikuwa na simu ishirini nyingine.

Kwenye fomu yetu kuna mstari unaouliza kama kitu kimechukuliwa, na nani, saa ngapi. Nikaandika: kufungiwa kukiisha. Nendeni mkaangalie faili, ni mwandiko wangu.

Harriet alifanya kazi safi. Duka halikutaka kusema sufuria imetoka kwa nani. Sheria inasema ukimwandikia muuzaji akutajie mtengenezaji, na siku thelathini zikapita hajataja, basi yeye mwenyewe anahesabiwa kuwa ndiye mtengenezaji. Harriet akaandika. Tukahesabu siku. Siku ya thelathini na moja akanipigia, nikasikia anacheka, jambo ambalo kwake ni adimu. Sasa tulikuwa na mtu wa kumdai, na mtu huyo alikuwa na bima. Nilimpigia Baba Chantal nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Akasema Mungu ni mwema, na mama amesharudi nyumbani. Nikafurahi. Sikuuliza kuhusu sufuria.

Kuna kitu kingine ninachopaswa kuwaambia, na ndicho kilichonifanya niandike. Wiki ileile, asubuhi, kengele ilipigwa nyumbani kwangu. Nilipofungua, kijana wa vifurushi alikuwa ameshafika langoni, ameniachia boksi mlangoni. Ndani mlikuwa na ndara za manyoya nilizoagiza kwa sababu sakafu ya jikoni ilikuwa baridi. Nilizivaa, nikasimama pale, na wazo likanijia wazi kabisa. Vifurushi vinatembea. Mji mzima umefungwa, na vifurushi vinatoka Wetherill Park kila dakika, maghala yamejaa hapo. Ningeweza kumwagiza mtu wa vifurushi akaichukue ile sufuria leo, jioni iwe mezani kwangu.

Nikakataa. Nilijiambia itatikiswa njiani. Nilijiambia wakili wa upande wa pili atauliza nani aliibeba, nani alifungua mfuko. Nilijiambia kichukue kwa mkono wako, kama nilivyofundishwa. Ukweli ni kwamba nilijiona. Miaka yote ile mimi ndiye niliyechukua vitu, mimi ndiye niliyevifunga lebo, mimi ndiye mahakamani hakuna aliyewahi kunitoa kosa. Nisingekubali kazi yangu ifanywe na mtu anayerusha maboksi milangoni. Nikangoja barabara zifunguliwe, na ndara zangu miguuni.

Barua ya bima ya duka ilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa ya adabu sana. Waliomba injinia wao aione sufuria, pamoja na injinia wetu, ili jambo liishe mapema. Harriet alisema hawaandiki hivyo kama hawaogopi. Nikampigia Baba Chantal.

Alisalimia. Akauliza watoto. Nikamwambia nahitaji sufuria. Akaitika kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Mama Wanja," akasema, "ile kitu tulishaitosha mu nyumba."

Kutosha, kwa Kiswahili chao, ni kutoa. Akanieleza yote, hakunificha. Mkewe aliporudi kutoka hospitali hakuweza kuingia jikoni. Sufuria ilikuwa kwenye kabati la kufulia, ndani ya mfuko, kama nilivyoagiza, na yeye alijua iko pale. Usingizi haumjii. Akifumba macho anasikia mfuniko. Mama mmoja wa kanisa anayekaa mtaa wa pili alikuwa akija kumfunga bandeji, kwa kuwa kumhudumia mgonjwa kuliruhusiwa, na huyo mama akauliza kwa nini mtu wa watu haponi. Walipomwambia sufuria bado iko ndani, alishtuka. Waliwapigia wamama wengine wa kanisa kwenye simu ya video, wakaimba, wakaomba, wakaivunja mshikio, wakaifunga ndani ya ile nguo aliyokuwa amevaa siku ya kuungua, wakaiweka kwenye pipa la taka lenye mfuniko mwekundu. Lori la manispaa lilipita Jumanne. Mkewe alilala usiku huo mpaka asubuhi, mara ya kwanza.

Chantal alikuwa kwenye simu ile ya video kutoka Kensington. Nilipomuuliza, alinijibu kwa Kiingereza huku analia kwamba aliwaambia hiyo ni ushahidi, anti, niliwaambia. Mama yake alimjibu kwamba ushahidi haumjui yeye, na yeye haujui, lakini yeye na sufuria wanajuana.

Nilihesabu tarehe. Lile lori lilipita siku nne baada ya kijana wa vifurushi kunipigia kengele. Niliomba niwe nimehesabu vibaya. Nikahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Msidhani Harriet aliacha. Alimwonyesha injinia zile picha, injinia akasema hawezi kutoa maoni kwa kidole cha mtu. Tuliliuliza duka kama lina nyingine, lilikuwa limefungwa kwa ajili ya korona na halikufunguliwa tena, vyombo vimeuzwa kwa jumla hatukujua kwa nani. Tulipeleka malalamiko serikalini, kwenye idara ya jimbo inayowalinda wanunuzi. Walijibu vizuri na kupokea maelezo, lakini hawakuwa na kitu cha kupima. Manispaa ilisema taka zimeshafukiwa. Bima ya duka, sasa kwa sauti nyingine, iliandika kwamba huenda alijaza kupita kiasi, huenda ganda la haragwe liliziba vali, huenda hakufunga mfuniko vizuri. Huenda tatu, na sisi hatukuwa na kitu cha kuziondoa hata moja. Mama Chantal amepika maharagwe tangu ana miaka saba. Hiyo si hoja mahakamani.

Ilibidi aambiwe, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Harriet alizungumza Kiingereza kwenye simu, nami nikageuza. Alisema muda wa kisheria wa kushtaki ni miaka mitatu na bado haujaisha, lakini kwa ushauri wake hakuna wakili atakayeibeba kesi hii bila kitu chenyewe. Nikalisema hilo. Nikasikia Mama Chantal anapumua. Aliuliza swali moja tu, kama mkono wake wenyewe si ushahidi. Anaweza kuuleta, alisema, anaweza kuja nao popote watakapotaka.

Nikageuza swali kwa Kiingereza. Harriet akasema mkono unaonyesha kwamba ameungua, hauonyeshi kwa nini. Nikaligeuza na hilo. Akasema asante, Mungu awabariki kwa kazi yenu.

Nilizima simu bila kumwambia la kwangu. Naandika hili kwa sababu mmoja wenu aliniambia nilikuwa jasiri sana kipindi kile.

Yale mengine mnayajua au mtayakisia. Ngozi iliyopandikizwa ilivuta vidole vikakunjika kuelekea kiganjani. Kwenye nyumba ya wazee walimpenda, meneja alimtumia kadi, lakini huwezi kufanya kazi ile bila glavu, na mwaka ule wa korona glavu zilikuwa zinabadilishwa kila mlango. Wakaacha kumpangia zamu. Hawakumfukuza, hapa mtu hafukuzwi, simu tu haiiti tena. Baba Chantal akaongeza saa ghalani. Chantal akataka kuacha chuo, wakamkatalia. Ile kesi iliyokuwa imwangalie miaka yote iliyobaki ilikuwa imelala chini ya udongo wa dampo, na kosa halikuwa la sheria peke yake, nisije nikajificha nyuma yake. Sheria ilikuwa imeacha mlango mmoja, mwembamba, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikijisifia mikono yangu.

Sikumwambia mtu kuhusu ndara. Harriet aliniuliza kama kulikuwa na njia yoyote tungeweza kuipata sufuria wakati ule, kwa sababu lazima aandike kwenye faili. Nikasema barabara zilikuwa zimefungwa. Akaandika hivyo.

Barabara zilipofunguliwa na ofisi ikarudi, asubuhi moja niliwasikia kwenye ngazi kabla sijawaona, maana walikuwa wanapanda polepole. Baba Chantal alikuwa amevaa suti ya kanisani na barakoa nyeupe. Mama Chantal alikuwa na gauni refu la mikono mirefu na kilemba, siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Nilijua hawajaja kuuliza kitu. Watu wakija kuuliza hawavai hivyo.

Niliwakaribisha viti, hawakukaa. Baba Chantal akasafisha koo, akaanza kama mtu aliyejiandaa nyumbani. Alisema kwao mtu akiharibu kazi ya mwenzake haachi maneno yapoe, anakwenda kwa miguu yake. Alisema niliwapa amri moja tu, na amri hiyo waliivunja, na hawakuniambia wakati wanaivunja kwa sababu waliona haya. Alisema wamenipotezea kazi ya miezi na kuniaibisha mbele ya wakili wangu. Sauti yake ya besi ilikuwa imeshuka mpaka nilikuwa nasogea kumsikia.

"Ni sisi njo tulikosa," akasema. "Mama Wanja, utusamehe."

Mama Chantal akafungua mkoba. Alitoa kitenge kipya, kimekunjwa bado kina karatasi ya duka, akaninyooshea kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mkunjo wa gauni. Aliona nimeangalia.

"Usamehe na hii mukono," akasema. "Ile ingine haishike tena kitu."

Nilikuwa na nafasi. Harriet alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, ndara zilikuwa nyumbani chini ya meza, na maneno yenyewe yalikuwa machache. Ningesema mimi ndiye niliyeiacha, ningemwagiza mtu wa vifurushi sufuria ingekuja kwangu, mngelala mapema, mkono wako ungelipwa. Nilifungua mdomo kabisa. Walikuwa wameinamisha vichwa, wote wawili, wakisubiri jibu.

Nikakipokea kitenge kwa mikono yangu miwili. Nikawaambia yamepita, nimewasamehe.